Nyumba iko ndani ya mita 200 za ziwa: ukarabati, upanuzi, au kurudi nyuma?

Mei 2020 tulikuta samaki wawili aina ya ngege jikoni kwa mjomba. Walikuwa wadogo, hawatoshi hata sufuria, wamekwama kati ya mafiga na gunia la makaa kwenye jiko la nje. Ziwa lilikuwa limepanda usiku likavuka baraza, asubuhi likarudi kidogo na kuwaacha pale. Wajukuu walicheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wa chumba cha wageni, ambao mchanga wa chini yake ulikuwa umeondoka, mawe ya msingi yako nje kama meno.

Nyumba iko Kigungu, kwenye ncha ya Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, pale ambapo wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walishuka mtumbwini Februari 1879. Kati ya baraza na maji palikuwa na tuta refu la mchanga, kimo cha goti, limeota nyasi na matete. Miezi mitano kabla ya mafuriko tulilisawazisha wenyewe kwa majembe, ili wageni wa arusi waweze kuliona ziwa wakiwa wameketi. Picha zilitoka nzuri sana.

Tangu siku ile mimi ndiye ninayetumwa ofisini. Nimekaa kwenye mabenchi ya manispaa, nimebeba ramani chini ya kwapa, nimerudishwa kwa kukosa nakala moja. Na kwa kuwa kwetu tunaongea Kinubi na Kiswahili nyumbani, na Luganda tukienda sokoni, jamaa wengi wenye viwanja vya ufukweni hunipigia simu kwa Kiswahili na swali moja: nikitaka kuiboresha nyumba yangu iliyo karibu na maji, njia ipi ina unafuu? Njia ziko tatu. Unaweza kukarabati palepale juu ya msingi wa zamani. Unaweza kupanua, na kila mtu anayetaka kupanua hutaka kupanua kuelekea ziwa. Au unaweza kurudi nyuma, ukajenga upya upande wa barabara.

Mita 60 ni za jirani

Ukitafuta jibu kwa Kiswahili, utakachokutana nacho kwanza ni mita 60. Jibu hilo ni sahihi kabisa, kwa mtu wa Bukoba au Mwanza. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za bahari, ziwa au mto. Ziwa ni moja, samaki ni walewale, lakini ukivuka mpaka wa Mutukula kipimo kinabadilika. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka eneo la hifadhi la mita 200 kwa maziwa makubwa yaliyoorodheshwa, Victoria likiwamo, na mita 100 kwa maziwa yasiyo kwenye orodha hiyo. Kwa mito, ile mikubwa kama Nile ni mita 100 kila upande, midogo ni 30. Shemeji yangu mmoja alinunua kiwanja akiwa na mita 60 kichwani, alizozipata kwa rafiki wa Mwanza. Alipopimiwa akakuta kiwanja chote, na nusu ya cha jirani, kimo ndani ya hifadhi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulikosea hata wakiijua namba. Kwa ziwa, mita hizo huhesabiwa kuanzia alama ya maji yanapokuwa yamepungua. Ukingo wa maji wa siku uliyokwenda na futi ya mkononi hauhesabiki. Tofauti hiyo si ndogo. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda karibu mita mbili na nusu. Mwaka 2006 lilishuka mpaka watu wakapanda nyanya kwenye mchanga uliobaki wazi, na wengine wakaweka vibanda. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikaifikia tena rekodi ya Mei 1964, mita 13.41. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, pale Jinja kwenye mabwawa. Kwa hiyo mwaka wa mvua nyingi ziwa hujaa kama beseni, tena taratibu, na hukaa limejaa kwa miezi.

Mwaka wa maji mengi, basi, sehemu ya zile mita 200 imelala chini ya maji, na anayepima kutoka ukingoni hujiongezea hifadhi isiyo yake. Mwaka wa ukame mambo hugeuka, naye hupima kwa furaha kutoka mbali. Usipime peke yako. Mwite sevea (mpima ardhi) aliyesajiliwa, na umwombe afisa mazingira wa wilaya awepo siku hiyo. Nauli yake na chakula cha mchana ni pesa ndogo kuliko kubomoa.

Tuta la mchanga linafanya kazi gani

Uganda haina milima ya mchanga kama ile ya Shela, Lamu. Tunayo matuta ya ufukweni, mengine marefu kama mtu, mengine ya goti kama letu la Kigungu. Anayeyadharau na aende Nabugabo, upande wa Masaka. Ziwa lile dogo lilikuwa ghuba ya Victoria. Mawimbi na upepo vilijenga ukingo wa mchanga mbele yake, ukaifunga ghuba, na kwa miaka inayokadiriwa kuwa elfu nne hivi imekuwa ziwa lenyewe, hata lina aina za samaki ambazo hazipo kwingine. Mchanga ulifanya kazi hiyo bila saruji. Tangu 2004 eneo lile limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kazi ya tuta mbele ya nyumba ni kama ya akiba benki. Mawimbi makali yakija, hula mchanga wa tuta badala ya kula msingi wako. Mchanga ule husogezwa majini kidogo, ukatulia chini karibu na ukingo, na mawimbi madogo ya siku za utulivu hurudisha sehemu yake ufukweni. Nyasi na matete hushika kinachorudi. Ukikata nyasi, upepo huchukua. Ukisawazisha kwa jembe, umetoa akiba yote kwa mkupuo. Ukichota mchanga ule kuchanganyia zege, kama mafundi wengi wanavyopendekeza kwa sababu "uko hapo hapo, Hajji, wa nini kununua lori," umetumia akiba hiyo kujengea kitu ambacho sasa hakina kinga.

Ukarabati palepale

Hii ndiyo njia niliyoipitia, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ukarabati maana yake nyumba inabaki na umbo lake na nafasi yake. Unabadilisha mabati, unapiga plasta upya, unaweka madirisha yenye nyavu (na kwa anayeishi karibu na maji nyavu si anasa, esami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakipanda jioni taa yako hugeuka mzinga), unaimarisha msingi, unainua sakafu. Kupaka rangi na kubadilisha kitasa sijaona mtu akiulizwa. Lakini usidhani neno "ukarabati" linakutoa kwenye sheria. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inahesabu pia mabadiliko na upanuzi wa jengo lililopo, na kibali hutolewa na kamati ya majengo ya manispaa au wilaya yako.

Swali aliloliuliza afisa mazingira tulipokutana uwanjani ndilo ninalowapa wengine. Alisimama kwenye baraza, viatu vimejaa mchanga, akamwambia mjomba: "Mzee, hapa unakarabati au unajenga?"

Mjomba akajibu, "Nakarabati, mwanangu."

"Basi nionyeshe ukuta utakaobaki."

Kuna mchezo unaojulikana: mtu anabomoa kuta tatu, anaacha moja imesimama kama shahidi, kisha anajenga jumba la ghorofa na kuliita ukarabati. Maafisa wanaujua mchezo huo kuliko wewe. Tulitembea naye chumba kwa chumba na kalamu ya chokaa, tukatia alama kuta zinazobaki, akapiga picha. Picha zile zilitusaidia baadaye kuliko ramani, kwa sababu jirani alipolalamika kwamba tunasogea ziwani, zilikuwepo za kabla na za baada.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hoja yako ni nyepesi: hugusi udongo mpya, hukati mmea, huongezi paa linalomwaga maji mahali papya. Ubaya wake ni kwamba unabaki palepale. Ziwa likirudi kama 2020, litakukuta. Kuinua sakafu kwa matofali matatu na kuweka soketi za umeme kifuani badala ya kifundoni kunapunguza hasara, hakuzuii maji. Mwenye nyumba inayolowa kila msimu anayeendelea kukarabati anatupa pesa, na mimi humwambia hivyo, hata akikasirika.

Na "baba alijenga kabla ya sheria" ni maneno tu kama huna karatasi. Tafuta ramani ya zamani yenye muhuri, risiti za kodi ya majengo, picha za arusi za miaka ya themanini zenye nyumba nyuma ya bibi harusi. Sisi tulipata ramani ya mjomba ndani ya sanduku la bati chini ya kanzu, imeliwa na mende pembeni lakini muhuri unasomeka.

Upanuzi kuelekea maji

Baraza kubwa zaidi, banda la kuchomea nyama, gati la mtumbwi, ukuta wa mawe, ngazi za saruji mpaka majini. Hapa ndipo ndoto ziko, na hapa ndipo X nyekundu, alama ya kubomolewa, hupakwa ukutani.

Kitu chochote unachosimamisha, unachochimba au unachomwaga ndani ya ziwa au kwenye ukingo uliohifadhiwa kinaihusu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria ya mazingira iliyopo ni ya mwaka 2019, na kanuni za tathmini ya mazingira ni za 2020. Mradi mdogo huandikiwa muhtasari, mkubwa hudai tathmini kamili, na vyote viwili huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, si mpwa wako aliyesoma biolojia. Kwa baraza la familia, ada ya mtaalamu huweza kuipita bei ya baraza lenyewe. Kisha unangoja, na jibu linaweza kuwa hapana.

Kama kiwanja kinapakana na mafunjo, usijidanganye. Septemba 2021 NEMA ilitangaza kusimamisha vibali vya shughuli ndani ya ardhi oevu, na mwaka 2024 nyumba zilibomolewa Lubigi, Kampala, mchana kweupe. Lutembe na Mabamba, ghuba mbili zilizo karibu na Entebbe, zote ni maeneo ya Ramsar tangu 2006. Ukiwa na kiwanja kinachotazamana na Lutembe na ndege wake weupe wanaokuja kwa maelfu, kunywa chai utazame ndege. Gati sahau.

Nani basi aifikirie njia hii? Mwenye biashara. Hoteli au kambi ya watalii ina bajeti ya mtaalamu, ina wakili, na inaweza kungoja. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu hana sababu, na sijamwona hata mmoja aliyeipita akafurahi.

Kurudi nyuma

Njia hii watu huiita kushindwa. Mimi naiona ndiyo bora kwa kiwanja kipya, na kwa nyumba ya zamani inayolowa.

Ukivuka mita 200, nyumba ya kawaida ya familia inarudi kuwa jambo la kawaida: ruhusa ya mipango miji, kibali cha kujenga, ukaguzi wakati wa ujenzi, kisha kibali cha kuingia kukaa. Usiruke hatua ya kwanza kwa kudhani uko kijijini. Sheria ya Mipango ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo kisiwa cha Bugala kina kamati yake kama Kampala ilivyo na yake.

Tatizo ni kwamba viwanja vingi vya ufukweni ni vifupi. Vilikatwa kwa kuuzwa, na anayeuza hukata vingi awezavyo kando ya maji. Ukiwa na kiwanja cha mita 50 kwa 100, hakuna nyuma ya kurudi. Hapo "kurudi nyuma" hugeuka kuwa kurudi kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na bado uko ndani ya hifadhi, bado unahitaji NEMA. Tofauti ni kwamba unaomba ukiwa unaondoka kwenye maji, na ombi la namna hiyo husikilizwa vizuri zaidi kuliko la mtu anayeyasogelea.

Kwa wanaonielewa haraka kwa jedwali:

| | Ukarabati palepale | Upanuzi kuelekea ziwa | Kurudi nyuma |
|---|---|---|---|
| Mlango wa kwanza kubisha | Mhandisi wa manispaa au wilaya, pamoja na afisa mazingira | NEMA, kupitia mtaalamu aliyesajiliwa | Afisa mipango miji |
| Mzigo wa karatasi za mazingira | Mwepesi, kama umbo halibadiliki | Mzito kuliko zote | Mwepesi ukivuka mita 200, vinginevyo wa kati |
| Pesa inaenda wapi | Vifaa na mafundi | Wataalamu, na miezi ya kungoja | Msingi mpya na nyumba nzima |
| Maji yakipanda tena | Unalowa, ila kwa hasara ndogo | Unapoteza ulichoongeza | Unatazama ukiwa mkavu |
| Ukikataliwa | Unarekebisha ramani | Umepoteza ada zote | Nadra, kama hati ni safi |

Jedwali haliwezi kuonyesha moyo wa mzee ambaye amekaa kwenye baraza lile lile kwa miaka arobaini. Usimwonyeshe safu ya tatu siku ya kwanza.

Ukuta au nyasi

Baada ya 2020 kila mtu Kigungu alitaka ukuta. Nimelinganisha njia tatu kwa macho yangu, mbili kwa majirani na moja kwetu wenyewe.

Wa kwanza alijenga ukuta wa zege uliosimama wima. Wimbi likija halina pa kupumzika, linagonga na kurudi na nguvu zake, na linaporudi linachimba mchanga wa miguuni pa ukuta. Baada ya misimu miwili ufukwe wake ulikuwa umekwisha, maji yanagusa ukuta muda wote, na zege limeanza kuinama mbele kama mlevi. Mbaya zaidi ni mwisho wa ukuta. Pale unapoishia, wimbi huzunguka na kula kiwanja cha jirani. Hao wawili hawasalimiani mpaka leo.

Wa pili aliweka vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kwa ngazi, vimelala nyuma kidogo. Ni afadhali, kwa sababu maji hupenya kati ya mawe na nguvu hupungua. Lakini waya hushika kutu, na vikapu navyo ni muundo ndani ya hifadhi, vinahitaji ruhusa sawa na ukuta. Watu hudhani kwa kuwa hakuna saruji hakuna swali. Swali lipo.

Wa tatu ni sisi. Hatukuweka kitu. Tulipiga vigingi na kamba kuzuia watu kukanyaga, tukaweka njia moja nyembamba ya kupita kwenda majini, imepinda ili upepo usiingie moja kwa moja, na tukaacha nyasi ziote. Matete yalirudi yenyewe pembeni. Hii ndiyo kinga rahisi kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo afisa mazingira aliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza kueleza. Kasoro yake ni kwamba inachukua miaka, na mwaka wa kwanza utaona huna kinga yoyote. Kama maji yanakula msingi wiki hii, nyasi hazitakuokoa. Weka magunia ya mchanga ulionunuliwa, yawe ya muda, umwarifu afisa, kisha uyatoe.

Choo kwanza

Kama una pesa ya kazi moja tu mwaka huu, usiguse baraza. Hamisha choo.

Mchanga hupitisha maji haraka. Shimo la choo lililo karibu na ukingo humwaga uchafu ziwani bila mtu kuona, na ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi hupanda nalo, shimo likafurika kutoka ndani. Mwaka 2020 tulinusa jambo hilo kabla ya kuliona. Watoto waliendelea kuogelea, na Ziwa Victoria lina kichocho hata bila msaada wetu.

Tuliliziba shimo la zamani, tukajenga tangi lililofungwa upande wa barabara, sehemu ya juu kabisa ya kiwanja, ambapo gari la kunyonya linafika bila kukwama. Kwenye ombi letu tuliandika kazi hii kwanza, kabla ya mabati na sakafu. Sitasema ndiyo iliyotupatia kibali. Lakini faili letu lilikuwa la kupunguza uchafu, na la jirani lilikuwa la banda la nyama, na yalikuwa mezani siku moja.

Hati haimalizi mazungumzo

Wengi hunijia na hati ya ardhi mkononi kama ngao. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, katika mifumo minne: mailo (umiliki wa kudumu ulio hasa Buganda), umiliki huru, upangishaji na wa kimila. Katiba hiyo hiyo inaiweka serikali kuwa mwangalizi wa maziwa ya asili, mito na ardhi oevu kwa niaba ya wote. Hati yako inaweza kuwa halali kabisa na bado ikawa haikupi haki ya kuchimba mita 30 kutoka majini. Tangazo la "kiwanja chenye pwani yako binafsi" lisikutie wazimu. Wavuvi wa mwalo wa jirani watapita mbele ya kiti chako asubuhi, na hawatakuomba radhi.

Mwenye kibanja, yaani anayekaa juu ya mailo ya mtu mwingine, azungumze na mwenye ardhi mapema na apate idhini kwa maandishi. Nimeona ombi likikwama kwa sababu mwenye ardhi alikuwa amefariki na warithi saba hawakubaliani. Na kabla ya kulipa chochote, kagua hati kwenye ofisi ya ardhi ya kanda. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ni ya lazima kwa heshima na kwa utambulisho, ila haihalalishi jengo. Kuna wanaouziana viwanja vya ufukweni kwa barua hiyo peke yake.

Mpangilio uliotufaa sisi ulikuwa huu: mwenyekiti wa LC1, kisha sevea na afisa mazingira siku moja, kisha msanifu akachora kufuata alama zao, ndipo tukapeleka manispaa. Jamaa wengi huanza na msanifu. Anachora jumba zuri, wanalipenda, wanalilipia, halafu kipimo kinafika.

Kwa hali yako

Nyumba ya zamani, kavu, yenye karatasi: karabati, hamisha choo, acha tuta. Nyumba ya zamani inayolowa, kiwanja kirefu: rudi nyuma, na ile ya mbele uibomoe kwa ruhusa, usiigeuze stoo. Nyumba inayolowa na kiwanja kifupi: hapa sina jibu la kufurahisha. Mimi ningekarabati kwa gharama ndogo kabisa, nisikope benki, na nianze kutafuta kiwanja kingine polepole. Kiwanja kitupu visiwani Kalangala, uliponunua kwa kupanda feri ya Nakiwogo mara moja na kushuka ukiwa umependa: usitie hata kigingi kabla ya kipimo.

Kibali chetu kilitoka. Sakafu imepanda matofali matatu, chumba cha wageni kina msingi mpya juu ya mstari wa zamani, na soketi ziko kifuani, wageni hushangaa. Tuta limeanza kurudi, sasa linafika kifundoni. Mjomba hulisifu mbele za watu, kisha jioni huchukua kiti chake na kukipandisha juu ya matofali mawili ili alione ziwa.